Waya wa 2.5 umebabuka penye soketi lakini breka ya 32 haijawahi kukata: kosa ni unene wa waya?

1. Mjenzi Mpya
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wenu, kwa kuwa jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Chumba cha nyuma cha nyumba yangu kina saketi yake ya soketi, inayotoka kwenye bodi kwa waya wa 2.5 (milimita za mraba) kwa umbali wa mita 28 hivi, nayo inalindwa na breka (swichi ya kwenye bodi inayojikata mkondo ukizidi) ya ampia 32 aina ya C. Jumamosi nilizima umeme nikafungua soketi pacha ya mwisho, kwa sababu kila nilipochemsha maji nilisikia harufu ya plastiki iliyopata moto. Ganda jekundu la waya wa laini (unaoleta umeme) lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia kwa urefu wa sentimita 3 kuanzia penye skrubu, limekakamaa, na nilipolikunja likavunjika kama ganda la yai. Nyutro (waya wa kurudi) imeguswa kidogo tu, na waya wa ardhi ni mzima kabisa.

Kwenye soketi hiyo huchomekwa hita ya chumba ya wati 2000 na birika la umeme la wati 2200. Fundi wa kwanza anasema waya ni mwembamba, ning'oe wote niweke wa 4. Wa pili anasema waya hauna kosa lolote. Waya wa saketi kama hii huchaguliwaje hasa, na nimwamini nani kati ya hao wawili?

2. Kalamu ya Fundi
Pole sana, ndugu. Kabla ya kuzungumzia waya, shusha breka hiyo leo hii. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba mkondo wa vifaa usizidi ukubwa wa breka, na ukubwa wa breka usizidi uwezo wa waya. Kwako sehemu ya pili imevunjwa. Breka ya 32 inaruhusiwa kubeba mara 1.13 ya kiwango chake, yaani ampia 36, kwa saa nzima bila kukata, na ni pale tu mkondo unapofika mara 1.45, yaani ampia 46, ndipo inapolazimika kukata ndani ya saa moja. Waya wa 2.5 ulio ndani ya bomba hauwezi kuvumilia hayo. Kwa saketi inayokwenda moja kwa moja na kuishia mwisho, weka 20.

3. Bundi wa Darini
Namheshimu Kalamu, lakini hapa ametia chumvi. Majedwali ya viwango vya Uingereza yanaipa 2.5 ampia 27. Mjenzi anatumia wati 4200, ukigawanya kwa volti 230 unapata ampia 18 na kidogo. Bado kuna nafasi ya ampia 8 na zaidi. Breka kubwa ni kosa, sikatai, lakini siyo iliyounguza waya huu, kwa sababu mkondo wenyewe haujawahi kufika huko.

4. Kalamu ya Fundi
Bundi, hiyo 27 ni ya kebo iliyobanwa juu ya ukuta ambapo hewa inapita. Nyaya za moja moja ndani ya bomba ni 24, na kebo iliyozikwa ndani ya ukuta wenye sufi ya kuzuia joto ni 20. Halafu namba zote hizo zinadhani hewa ina nyuzi joto 30. Juu ya dari chini ya mabati adhuhuri, nani amewahi kukuta nyuzi 30? Kwa nyuzi 40 unazidisha kwa 0.87, na bomba likibeba saketi tatu unazidisha tena kwa 0.70. Mjenzi, bomba lako lina saketi ngapi?

5. Mjenzi Mpya
Tatu, na linapita juu ya dari kwa sehemu kubwa ya safari yake.

6. Kalamu ya Fundi
Basi 24 mara 0.87 mara 0.70 ni ampia 14.6. Unatumia 18. Fundi wa kwanza yuko sahihi.

7. Nyuzi Saba
Samahani Kalamu, hesabu ni nzuri lakini umeiharakisha. Punguzo la 0.70 ni la saketi tatu ambazo zote zimelemewa kwa wakati mmoja. Saketi inayobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, kama ile ya taa za chumba, haihesabiwi katika kundi. Mjenzi atuambie hizo mbili nyingine ni za nini kabla hatujamng'olesha mita 28 za waya.

Tena tazameni jeraha lenyewe. Waya ambao ni mwembamba kwa mzigo wake hupata joto kwa urefu wake wote, kuanzia bodi hadi mwisho. Huu umeungua sentimita 3 tu, tena penye skrubu. Hiyo ni skrubu iliyolegea, na hata ungeweka waya wa 10 skrubu legevu ingeunguza vilevile. Nimefungua soketi nyingi za namna hii na karibu zote skrubu ilizunguka nusu duara kabla ya kushika. Shaba ni laini. Ukiibana leo, baada ya miezi kadhaa ya kupata moto na kupoa huwa imejilaza kidogo, na skrubu inabaki na pengo ambalo macho hayalioni.

8. Mjenzi Mpya
Nyuzi Saba, saketi moja kati ya hizo ni ya taa, nyingine ni ya mashine ya kufulia. Na ni kweli, skrubu ya laini ilizunguka karibu robo duara ndipo ikakaza. Sikuona kuwa ni jambo la kutaja.

9. Nyuzi Saba
Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza la kutaja, ndugu yangu.

10. Tai wa Mlimani
Mimi nilisoma kwamba Marekani saketi za soketi hutumia waya namba 14 au namba 12. Kwa nini tusifuate hizo? Namba 14 bila shaka ni nene kuliko 12, na zote ni nene mara nyingi kuliko 2.5 yetu. Hiyo ndiyo sababu nyumba zao haziungui nyaya.

11. Jedwali
Tai, hapo umepindua mambo mawili kwa mpigo. Kipimo cha Marekani hupungua namba kadiri waya unavyonenepa, kwa sababu asili yake ni hesabu ya mara ambazo waya ulivutwa kupita kwenye tundu ili uwe mwembamba. Namba 14 ina milimita za mraba 2.08 na hulindwa kwa ampia 15. Namba 12 ina 3.31 na hulindwa kwa 20. Namba 10 ina 5.26 na hulindwa kwa 30. Kwa hiyo namba 14 ni nyembamba kuliko 2.5. Kila ukishuka namba tatu, eneo la waya huongezeka takriban maradufu.

Jambo la pili ni volti. Soketi zao za kawaida ni za volti 120, kwa hiyo birika la wati zilezile huvuta karibu mara mbili ya ampia. Huwezi kunakili namba ya waya kutoka mfumo mmoja na kuiacha volti yake nyuma.

12. Tai wa Mlimani
Nimeelewa, asante kwa kunirekebisha.

13. Mama Wawili
Mnaongea kuhusu joto pekee na kusahau umbali, ambao ndio ulioniumiza mimi. Nilikuwa na pampu ya nguvu farasi moja, mita 60 kutoka kwenye bodi, imeungwa kwa waya wa 1.5. Kwa jedwali la ampia waya ulitosha, maana pampu ikiwa inazunguka huvuta ampia 5 au 6. Lakini usiku, umeme ukipungua, ilikuwa inaguna tu bila kuzunguka, na nilikwisha kununua kapasita mbili nikidhani ndizo mbovu.

Kijana mmoja alikuja na kalamu na karatasi. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wenye milimita moja ya mraba. Kwenda na kurudi ni mita 120, gawanya kwa 1.5, ukinzani ni omu 1.38. Pampu inapoanza huvuta kama ampia 30, kwa hiyo volti 41 zilikuwa zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye mota. Tulipoweka wa 4 upotevu ukashuka hadi volti 15 hivi, na pampu ikaanza kwa mguso mmoja. Tangu siku hiyo sinunui waya kabla ya kupima njia kwa futi.

14. Jedwali
Mama Wawili amegusa kiini. Desturi ya viwango vya Uingereza ni kwamba upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine, yaani volti 6.9 na volti 11.5 kwa umeme wa 230. Mjenzi, una kipimo? Washa hita na birika pamoja, pima volti kwenye bodi, kisha kwenye soketi ya jirani iliyoungwa sambamba na hiyo iliyoungua. Usitumie iliyoungua yenyewe kwa zaidi ya dakika chache, na usimwachie mtoto achomoe.

15. Mjenzi Mpya
Nimepima nikiwa na jirani yangu ambaye ni fundi redio na ana kipimo cha klampu. Skrubu nilikuwa nimeshaikaza na sehemu iliyobabuka nimeikata. Bodi: volti 228. Soketi ya mwisho vifaa vyote vikiwaka: volti 216. Klampu ilisoma ampia 17.

16. Jedwali
Volti 12 zimepotea, na hilo limevuka kikomo. Tazama sasa: shaba halisi ya 2.5 kwa mita 56 za kwenda na kurudi ina omu 0.385, ukizidisha kwa 17 unapata volti 6.5. Hata waya ukiwa na joto haifiki 8. Volti zaidi ya 4 hazina maelezo, na nina wasiwasi kwamba waya wako si shaba. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Alumini ina ukinzani wa takriban mara 1.6 ya shaba, na kwa waya wa aina hiyo wa 2.5 ningetarajia kupoteza volti 10 au 11, ambayo ni karibu kabisa na namba yako. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani, hapo hapana mjadala.

17. Nyuzi Saba
Jedwali, hesabu yako ni safi, lakini namba hiyohiyo inashuhudia upande wangu pia. Waya mzuri wa 2.5 ukibeba ampia 17 hutoa joto la wati 111 likiwa limetandazwa mita 28, yaani wati 4 kwa kila mita, joto ambalo mkono hausikii kirahisi. Zile volti 5.5 zilizozidi zikipotea kwenye kiungo kimoja kibovu, ni wati 93 katika nafasi isiyozidi tundu la kidole. Hiyo ni pasi ndogo ndani ya ukuta. Amekaza skrubu ya soketi ya mwisho, lakini njiani kuna soketi nne nyingine zenye skrubu zilezile, zilizokazwa na mkono uleule. Aanze na hizo.

18. Bundi wa Darini
Na mimi nirudi na la tatu. Soketi pacha haikuundwa kubeba vifaa viwili vizito kwa saa nyingi. Vile vibati vya ndani vinavyobana pini huchoka, vikilegea vinapata moto, na moto huo hupanda kupitia shaba hadi kwenye waya. Ndiyo maana ganda limeungua upande wa soketi. Mjenzi, pini za plagi ya birika zina rangi gani?

19. Mjenzi Mpya
Nimerudi na majibu. Pini moja ya plagi ya hita ina doa jeusi. Ya birika ni safi. Nimekwangua uzi wa waya: ni shaba mwanzo hadi mwisho, hakuna rangi ya fedha. Lakini jirani ameleta kipimo chake cha veniya, cha kupimia unene. Waya una nyuzi saba, na kila uzi ni milimita 0.60.

20. Jedwali
Basi nafuta alumini, na ninaandika kosa jingine mahali pake. Waya wa 2.5 wenye nyuzi saba unapaswa kuwa na nyuzi za milimita 0.67. Saba za 0.60 zinakupa milimita za mraba 1.98. Umeuziwa waya wa 2 kwa jina la 2.5, na chapa iliyo juu ya ganda haibadilishi shaba iliyo ndani. Ukinzani wake kwa safari yako ni omu 0.486, na waya ukiwa kwenye nyuzi joto 50 upotevu ni volti 9 na kidogo. Tumekaribia sana 12.

21. Nyuzi Saba
Tumekaribia, hatujafika. Bado volti 2.8 zinaning'inia, nazo kwa ampia 17 ni wati 48 mahali fulani. Tena kwa unyenyekevu niseme kwamba veniya ya mkononi hukosea kwa urahisi milimita 0.05 juu ya uzi laini uliopinda. Uzi ukiwa 0.65 hoja yako yote inarudi nyuma. Njia iliyo bora ni kupima mita 10 za waya huohuo kwa mizani: shaba ya 2.5 pasipo ganda ina gramu 22 na kidogo kwa kila mita, na huwezi kuidanganya mizani kwa kuminya kipimo.

22. Mzee wa Vipimo vya Zamani
Hili la kuhesabu nyuzi linanikumbusha nyumba niliyokuwa nakarabati, ambayo nyaya zake ziliwekwa kabla ya milimita kuingia. Waliandika 3/.029 na 7/.029, maana yake nyuzi tatu au saba, kila moja ikiwa na unene wa inchi 0.029. Ya kwanza ni milimita za mraba 1.28, ya pili ni 2.98. Wengi huisoma ile 7/.029 kuwa ni sawa na 2.5, na huiunganisha na waya mpya bila kufikiri, ilhali ya zamani ndiyo nene. Shida yake ilikuwa ganda la mpira, ambalo lilikuwa linapukutika kama maganda makavu kila nilipoligusa. Shaba ilikuwa nzima, ganda limekufa. Katika kuchagua waya, watu hutazama shaba na kusahau kwamba kikomo cha joto ni cha ganda: PVC ya kawaida, yaani plastiki ya ganda, ni nyuzi 70, na ampia zote za majedwali hayo zinamaanisha waya umefika hapo.

23. Mama Wawili
Mzee, umenifumbua macho. Kwa hiyo waya unaobeba kiwango chake kamili cha jedwali una nyuzi 70, na ukiushika lazima uachie. Mimi siku zote nilidhani jedwali linaonyesha kiwango ambacho waya hubaki baridi.

24. Mzee wa Vipimo vya Zamani
Ndivyo ilivyo, dada. Ndiyo maana binafsi sijazi jedwali.

25. Mwanga Hafifu
Kwa kuwa wataalamu mpo hapa: taa zangu zote sasa ni za LED, nyumba nzima haifiki wati 150. Kuna sababu ya kuweka waya wa 1.5 kwenye taa, au nitumie 1.0?

26. Kalamu ya Fundi
Kwa mkondo, 1.0 inakutosha na ziada, mradi breka isizidi 6. Mimi naendelea kuweka 1.5 kwa sababu waya mwembamba hukatika ukivutwa kwenye bomba lenye kona, na kwa sababu mwenye nyumba wa kesho anaweza kuning'iniza kitu kingine hapo. Hilo ni chaguo langu, si sheria ya fizikia.

Nirudi kwa Mjenzi, maana kuna jambo halijasemwa. Breka aina ya C ya ampia 32 hukata papo hapo pale tu mkondo unapofika kati ya mara 5 na mara 10 ya kiwango chake, kwa hiyo ili uwe na uhakika unahitaji ampia 320. Laini ikigusa waya wa ardhi kwenye soketi yako ya mwisho, volti 230 zigawanywe kwa 320 zinakudai ukinzani usiozidi omu 0.72 kwa safari nzima, kuanzia transfoma. Wewe volti zako 12 kwa ampia 17 ni omu 0.7 ndani ya nyumba pekee. Breka inaweza kusita huku waya unaiva. Breka ya B20, yaani aina ya B ya ampia 20, inahitaji ampia 100 tu. Hata tukibishana hadi kesho kuhusu kilichobabua waya, hili lifanye leo.

27. Msafiri wa Bomba
Nimesoma mjadala wote kimyakimya na nina swali moja kwa Mjenzi. Zile volti 228 za kwenye bodi ulizipima vifaa vikiwa vinawaka, au kabla ya kuviwasha?

28. Mjenzi Mpya
Kabla. Nilipima bodi kwanza, kisha tukaenda chumbani tukawasha.

29. Msafiri wa Bomba
Basi ndani ya volti 12 kuna sehemu iliyopotea kati ya nguzo na bodi, ambayo haihusiani na waya wa chumba wala skrubu zake. Inaweza kuwa volti 1, inaweza kuwa 4. Hesabu za namba 16, 17, 20 na 21 zote zimejengwa juu ya kipimo kilichochukuliwa kwa nyakati mbili. Hata zile omu 0.7 za Kalamu. Pima tena mkiwa wawili, mmoja bodini, mwingine chumbani, kwa dakika ileile.

30. Nyuzi Saba
Hoja ya haki. Lakini ganda lililobabuka halikusubiri kipimo cha mtu yeyote.

31. Mjenzi Mpya
Ninawashukuru sana wote. Leo nimefanya haya: breka sasa ni B20, soketi zote tano nimezifungua umeme ukiwa umezimwa, na mbili kati yake skrubu zilizunguka kabla ya kukaza. Kwenye soketi ya tatu nilikuta nyuzi tano tu zimeingia chini ya skrubu. Mbili zilikatwa wakati wa kuchuna ganda, zimebaki kama visiki vifupi kando. Hita nimeihamishia soketi nyingine.

Nilivuta pia waya kidogo kutoka kwenye bomba la darini. Ganda halijabadilika rangi, lakini ni laini kuliko lile la kwenye bodi, na nyaya tatu zilikuwa zimeshikana kidogo hivi kwamba ilinibidi kuzibandua kwa kidole.

32. Kalamu ya Fundi
Zimeshikana! Hilo ni joto la bomba. Nimesema tangu namba 6.

33. Nyuzi Saba
Nyuzi tano kati ya saba, Kalamu. Kwenye soketi ya tatu. Nimesema tangu namba 7.

34. Jedwali
Nami nasubiri uzito wa mita 10 kabla sijasema lolote. Mjenzi, ukipata mizani, chuna ganda lote kwanza, na utuambie pia volti za dakika moja kama Msafiri alivyoelekeza.

35. Mjenzi Mpya
Mizani nitaipata Alhamisi. Waya wa 4 nimeshaupima njia yake kwa futi: mita 31, siyo 28, kwa sababu sikuwa nimehesabu mteremko wa ukutani.